Senti Tano za Oregon: Historia ya Sheria ya Chupa na Marekebisho Yake, 1971–2025

Miongoni mwa majimbo 50 ya Marekani, ni 10 tu yenye sheria inayomtaka mnunuzi wa kinywaji alipe amana ya chupa au kopo, yaani fedha kidogo inayoongezwa kwenye bei ya kinywaji na kurudishwa kwake anapokirejesha chombo kikiwa kitupu; na kati ya hayo 10, jimbo la Oregon, lililoko kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki, ndilo lililotangulia. Sheria yake, ambayo wenyeji huiita kwa ufupi Sheria ya Chupa, ilitiwa saini tarehe 2 Julai 1971, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1972, na tangu hapo imerekebishwa mara chache na kwa taabu kubwa, kwa kuwa kila pendekezo la kuigusa lilikutana na watu ambao mabadiliko yangewagharimu. Historia inayosimuliwa hapa ni ya marekebisho hayo zaidi kuliko ya sheria yenyewe, kwani limo ndani yake jambo ambalo watunga sheria wa nchi nyingi hulisahau: kiasi cha fedha kilichoandikwa kwenye kifungu hubaki vilevile, huku thamani yake sokoni ikipungua mwaka hadi mwaka, na sheria inayotegemea kiasi hicho ikadhoofika bila ya mtu yeyote kuifuta.

Amana ya chupa si jambo geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako kwa miongo mingi mnunuzi wa soda au bia ya chupa ya kioo ametakiwa ama aje na chupa tupu ama aache fedha ya chupa dukani, na ambako mwenye duka hukabidhi kreti tupu kwa gari la kampuni ili apewe zilizojaa. Utaratibu huo, hata hivyo, ni mpango wa kibiashara unaomlinda mwenye chupa, kwa sababu chupa ni mali ya kampuni, itaoshwa na kujazwa tena, na kampuni ndiyo inayopata hasara ikipotea. Sheria ya Oregon ilizaliwa katika mazingira tofauti, pale ambapo viwanda havikuwa tena na haja ya kurudishiwa chombo na vilikwisha kuuacha mzigo wa chombo kitupu mikononi mwa umma. Kwa hiyo serikali ya jimbo ilikuja kuirudisha kwa nguvu ya sheria amana ambayo soko lilikuwa likiiacha.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya bia na soda nchini Marekani iliuzwa katika chupa za kujazwa tena, na kila mji wa kadiri ulikuwa na kiwanda chake kilichokusanya chupa kutoka maeneo ya jirani. Mwezi Januari 1935 kiwanda cha Krueger cha Newark, New Jersey, kiliuza bia ya kopo kwa mara ya kwanza katika mji wa Richmond, Virginia. Vita vilipokuja, makopo yalisafirishwa kwa wingi kwa wanajeshi waliokuwa ng'ambo, na vita vilipokwisha, kampuni kubwa ziliona faida iliyokuwemo katika chombo kisichorudi. Kiwanda kimoja kikubwa kilicho mbali kingeweza kuuza kinywaji katika nchi nzima bila kugharamia safari ya chupa tupu ya kurudi wala mitambo ya kuziosha, na viwanda vidogo vya miji, ambavyo ukaribu wao na wanywaji ndio uliokuwa ngao yao, vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1953 jimbo la Vermont, ambalo wakulima wake walilalamika kwamba vioo vilivyotupwa mashambani viliwadhuru ng'ombe, lilipiga marufuku kuuza bia katika chupa zisizorudishwa, lakini marufuku hiyo ilidumu miaka minne tu kabla ya kuachwa ife. Mwaka huohuo wa 1953 kampuni za vinywaji na za vifungashio zilishiriki kuanzisha shirika la Keep America Beautiful, ambalo kampeni zake za usafi zilimweka mbele mtu anayetupa takataka na kumwacha pembeni mtengenezaji aliyechagua chombo cha kutupwa. Mpangilio huo wa lawama ulikubalika kwa urahisi, kwa sababu ni kweli kwamba mtu ndiye anayetupa. Na ulifaa sana kwa wale ambao hawakutaka kuulizwa kwa nini kitu cha kutupwa kilitengenezwa tangu mwanzo.

Oregon ya miaka ya 1960 ilikuwa imeshaanza kuyachukulia mazingira yake kama suala la siasa za juu. Tom McCall, mwandishi wa habari aliyejipatia jina kwa filamu ya televisheni ya mwaka 1962 kuhusu uchafuzi wa mto Willamette, alichaguliwa kuwa gavana kwa tiketi ya chama cha Republican, akashika madaraka mwaka 1967, na mwaka huohuo akatia saini sheria iliyolinda haki ya umma ya kutumia fukwe za bahari za jimbo zima. Hata hivyo, wazo la amana halikuanzia kwake. Lilianza kwa Richard Chambers, muuzaji wa mitambo ya kukatia na kupasulia magogo, mtu aliyependa kutembea milimani na pwani na aliyeudhiwa mno na makopo na chupa alizozikuta huko. Mwaka 1968, alipopata habari kwamba jimbo la British Columbia nchini Kanada lilikuwa likifikiria kudhibiti vyombo visivyorudishwa, Chambers alimwendea Paul Hanneman, mwakilishi wa eneo la pwani katika bunge la jimbo, akamshawishi aandike muswada. Kisha, kwa miaka iliyofuata, akawaandikia barua wabunge na magazeti, akakusanya takwimu na hoja, na wakati wote huo akaomba jina lake lisitajwe. Alifariki mwaka 1974, na ni baada ya kifo chake ndipo McCall alipoueleza umma mchango wake.

Muswada wa Hanneman uliofikishwa bungeni mwaka 1969 ulishindwa. McCall mwenyewe hakuupa msaada safari hiyo. Alipendelea kwanza kampeni ya hiari ya kuzuia utupaji wa takataka, na kwa ajili hiyo alisaidia kuanzisha shirika lililojulikana kwa kifupi kama SOLV. Katika miezi iliyofuata alishawishika kwamba hiari peke yake isingetosha, na bunge lilipokutana tena mwaka 1971 aliubeba muswada mpya, uliopewa nambari 1036 katika Baraza la Wawakilishi, kama sehemu ya mpango wake mwenyewe wa uongozi. Upinzani uliomkabili ulikuwa mkubwa kwa jimbo lenye watu wachache kama Oregon: watengenezaji wa makopo na chupa, kampuni za alumini, kampuni za vinywaji za kitaifa na baadhi ya vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya kioo walituma mawakili na washawishi mjini Salem, makao makuu ya jimbo, wakidai kwamba ajira zingepotea, bei zingepanda, maduka yangejaa chupa chafu, na kwamba usumbufu wote huo ungekuwa wa bure. Wabunge waliusikiliza upinzani huo, na bado muswada ukapita kwa wingi mkubwa wa kura.

Masharti ya sheria hiyo yalikuwa machache, na uchache huo ndio uliokuwa nguvu yake. Kila chupa au kopo la bia na la soda lilitozwa amana isiyopungua senti 5, isipokuwa chupa za muundo wa pamoja zilizoweza kujazwa tena na kiwanda zaidi ya kimoja, ambazo amana yake iliwekwa kuwa senti 2 ili viwanda vivutiwe kuzitumia. Mwenye duka alilazimika kupokea vyombo vitupu vya aina na chapa alizoziuza na kumrudishia mteja fedha yake. Msambazaji, yaani mfanyabiashara anayepeleka vinywaji madukani kwa jumla, alilazimika kuvipokea vyombo hivyo kutoka kwa mwenye duka na kumlipa kiasi hichohicho. Aidha, yalipigwa marufuku makopo yenye kifunguo cha kuvutwa na kung'oka, kile kipete cha alumini chenye makali ambacho Ermal Fraze alikibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambacho muda si mrefu kilitapakaa kwenye fukwe na kuwakata watu nyayo. Kifunguo kinachobaki kwenye kopo, kilichobuniwa na Daniel Cudzik wa kampuni ya Reynolds na kutumika leo takriban kila mahali, kilikuja katikati ya miaka ya 1970, wakati marufuku ya namna hiyo ilikuwa tayari imeanza kuenea.

Mamlaka ya kusimamia sheria yalipewa tume ya jimbo iliyodhibiti vileo, ambayo ilikwisha kuwa na wakaguzi wanaoyajua maduka na wasambazaji wa bia. Kampuni ya American Can na wenzake walikwenda mahakamani wakidai kwamba jimbo moja halina haki ya kuweka masharti yanayoathiri biashara kati ya majimbo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Oregon ilikataa dai hilo na kushikilia kwamba jimbo lina mamlaka ya kuchagua njia ya kuilinda ardhi yake mradi halibagui bidhaa za nje. Hukumu hiyo iliyafungulia njia majimbo mengine, kwa sababu hoja ya katiba ndiyo iliyokuwa silaha kali kuliko zote mikononi mwa wapinzani. Matokeo barabarani nayo yalionekana mapema: vyombo vya vinywaji, ambavyo kabla ya sheria vilikuwa takriban asilimia 40 ya takataka zilizookotwa kandokando ya njia, vilishuka hadi kama asilimia 11 mwaka 1973 na asilimia 6 mwaka 1979.

Vermont ilirudi na sheria ya amana mwaka 1972. Maine na Michigan ziliipitisha kwa kura za wananchi mwaka 1976. Iowa na Connecticut zikafuata mwaka 1978, kisha Massachusetts na New York mwanzoni mwa miaka ya 1980, California mwaka 1986, na Hawaii mwaka 2002. Delaware nayo iliingia katika kundi hilo, kisha ikaifuta sheria yake mwaka 2010. Jimbo jirani la Washington lilikuwa na nafasi ya kutangulia hata kabla ya Oregon, kwa kuwa wapiga kura wake waliletewa pendekezo la amana mnamo Novemba 1970, lakini walilikataa kwa tofauti ndogo; na hadi leo mto Columbia unaotenganisha majimbo hayo mawili ni mpaka kati ya kopo lenye thamani na kopo lisilo na thamani. Katika orodha hii yote Michigan inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwani ndiyo iliyoweka amana ya senti 10 tangu mwanzo, na kwa miaka mingi zaidi ya asilimia 90 ya vyombo vyake vilirejeshwa, wakati majimbo ya senti 5 yalikuwa yakishuka polepole. Kwa hiyo jawabu la tatizo lililoipata Oregon baadaye lilikuwa wazi tangu miaka ya 1980 kwa yeyote aliyetaka kulitazama.

Tatizo lenyewe lilikuwa na pande tatu zilizokua kwa pamoja. Wa kwanza ulikuwa fedha. Senti 5 za mwaka 1971, kwa kadiri ya mfumuko wa bei, zilikuwa na uwezo wa kununua ambao mwaka 2016 ungehitaji takriban senti 30. Maana yake ni kwamba amana iliyokuwa ikimfanya mtu ainame kuokota chupa ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake bila bunge kuigusa. Familia iliyokuwa ikiona fahari kurudisha kreti ya chupa na kupata fedha ya kununua mkate ilifikia mahali ambapo foleni ya dukani iligharimu muda mwingi kuliko fedha iliyorudishwa, na kopo likaishia kwenye pipa la taka. Wa pili ulikuwa aina za vinywaji, kwa kuwa sheria ya 1971 ilitaja bia na soda kwa sababu ndizo zilizojaza barabara za wakati huo. Maji ya chupa hayakuwa bidhaa ya kila siku, chai ya kopo na vinywaji vya wanamichezo vilikuwa havijaenea, na vyote hivyo vilipolifurika soko katika miaka ya 1990 vilikuja bila amana. Chupa mbili za plastiki zilizotoka kwenye mtambo wa namna moja zilitofautiana mbele ya sheria kwa sababu moja ilikuwa na mapovu na nyingine haikuwa nayo. Mwaka 1996 wananchi waliletewa pendekezo la kupanua orodha ya vinywaji kwa njia ya kura, na baada ya kampeni ya gharama kubwa kutoka upande wa wauzaji na watengenezaji, pendekezo likaanguka.

Upande wa tatu, ambao wanahistoria wa mazingira wameupa nafasi ndogo kuliko unavyostahili, ulikuwa mahali pa kurejeshea. Sheria iliweka mzigo wote kwenye maduka, na tofauti na majimbo mengine kadhaa haikumpa mwenye duka malipo yoyote ya kushughulikia vyombo vitupu. Yeye alikuwa anatoa nafasi, wafanyakazi na usafi kwa fedha yake mwenyewe. Maduka makubwa yalinunua mashine za kupokelea chupa, mitambo inayosoma alama ya chombo, kukiponda na kutoa risiti ya fedha, ya aina ambayo kampuni ya Tomra ya Norway iliitengeneza tangu 1972. Lakini mashine hizo ziliwekwa nje, kwenye baridi na mvua, mara nyingi zilijaa au kuharibika, na mteja aliyesimama mbele yake akiwa na mifuko inayovuja bia ya jana hakuwa na sababu ya kurudi. Wakati huohuo amana ambazo hazikudaiwa zilibaki kwa wasambazaji, kinyume na Michigan ambako tangu mwisho wa miaka ya 1980 sehemu kubwa yake ilikwenda serikalini kwa ajili ya kusafisha maeneo yaliyochafuliwa. Hivyo basi, katika Oregon, kila chombo ambacho mteja alishindwa kukirejesha kiliacha senti 5 mikononi mwa wale waliokuwa na wajibu wa kukipokea. Haihitajiki kumshutumu mtu yeyote kwa nia mbaya ili kuona kwamba mpangilio wa namna hiyo hauwezi kumpa mtu bidii ya kurahisisha urejeshaji.

Mabadiliko ya kweli yalianza mwaka 2007, pale bunge lilipoongeza maji ya chupa, yenye ladha na yasiyo na ladha, kwenye orodha ya vinywaji vyenye amana kuanzia tarehe 1 Januari 2009. Huo ulikuwa upanuzi wa kwanza tangu 1971, na ulikuja pamoja na kikosi kazi kilichopewa jukumu la kuchunguza sheria nzima. Wasambazaji walielewa kwamba jimbo lilikuwa limeamka, wakachagua kuunda chombo chao wenyewe badala ya kusubiri serikali iwaundie: mwaka 2009 kulizaliwa Ushirika wa Oregon wa Urejelezaji wa Vyombo vya Vinywaji, unaomilikiwa na wasambazaji, ambao ulichukua kazi ya kukusanya vyombo kutoka madukani, kuvihesabu, kuvifunga na kuviuza kama malighafi. Urejelezaji, yaani kukigeuza kitu kilichokwisha kutumika kuwa malighafi ya kitu kipya, ulikuwa sasa na msimamizi mmoja katika jimbo zima badala ya malori ya kila msambazaji yanayopishana kwenye milango ya maduka yaleyale.

Sheria iliyopita mwaka 2011 ndiyo iliyo kiini cha historia hii. Iliruhusu kujengwa kwa vituo maalumu vya kurejeshea, vilivyokuja kuitwa BottleDrop, ambavyo vingeendeshwa na ushirika na kuyapunguzia maduka ya karibu sehemu ya wajibu wao. Iliagiza kwamba kufikia mwaka 2018 amana itozwe karibu kila kinywaji isipokuwa maziwa, mvinyo na pombe kali. Na iliweka kifungu kilichosema kwamba endapo vyombo vinavyorejeshwa vitakuwa chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, amana itapanda yenyewe kutoka senti 5 hadi senti 10, bila ya bunge kurudi kupiga kura. Werevu wa kifungu hicho ulikuwa katika kuyapatanisha makundi ambayo kwa miaka 40 hayakupatana. Wasambazaji waliosema kwamba vituo vipya vingetosha kuinua urejeshaji bila kupandisha amana walipewa miaka kadhaa ya kulithibitisha neno lao. Watetezi wa mazingira walioamini kwamba bila fedha zaidi hakuna kitakachobadilika walipewa hakikisho kwamba jaribio likishindwa hawatalazimika kuanza upya mbele ya washawishi. Na wabunge ambao hawakutaka kuitwa wapandishaji wa bei waliiachia hesabu ifanye kazi hiyo.

Hesabu ilifanya kazi yake. Mwaka 2014 vyombo vilivyorejeshwa vilikuwa takriban asilimia 68, na mwaka 2015 vilishuka hadi takriban asilimia 64, kiwango ambacho kilionyesha jinsi jimbo lililokuwa mfano kwa wengine lilivyokuwa limerudi nyuma, kwani katika miaka ya mwanzo sehemu iliyorejeshwa ilikuwa ikikaribia au kuzidi asilimia 90. Katikati ya mwaka 2016 tume ya vileo ilitangaza kwamba sharti limetimia, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2017 kila chombo chenye amana kilikuwa na thamani ya senti 10. Utekelezaji uliandamana na jambo la haki ambalo wengine walililalamikia: kopo lililonunuliwa Machi kwa amana ya senti 5 lilirudishiwa senti 10 Aprili, hata kama limeandikwa senti 5 ubavuni, na wapo walioweka makopo nyumbani kusubiri siku hiyo. Jimbo lilichagua hivyo kwa sababu kutofautisha vyombo vya zamani na vipya kungevuruga kila duka, na hasara hiyo ya muda ilikuwa ndogo ikilinganishwa na vurugu.

Sehemu ya vyombo vilivyorejeshwa ilipanda hadi takriban asilimia 73 katika mwaka wote wa 2017, ikafika asilimia 81 mwaka 2018 na takriban asilimia 86 mwaka 2019. Kupanda huko ni kukubwa zaidi kuliko kunavyoonekana kwenye tarakimu, maana tarehe 1 Januari 2018 orodha ya vinywaji ilipanuliwa kama ilivyoagizwa, ikaingiza chai, kahawa, juisi za matunda, vinywaji vya kuongeza nguvu na vingine vingi ambavyo wanunuzi hawakuzoea kuvirejesha. Kwa hiyo jimbo lilikuwa likirejesha sehemu kubwa zaidi ya idadi iliyokuwa kubwa zaidi. Vituo vya BottleDrop navyo vilibadilisha tabia ya urejeshaji: mteja hufungua akaunti, hubandika alama yake kwenye mfuko wa kijani, huuacha kituoni bila kuhesabu kopo hata moja, na fedha huingia kwenye akaunti baada ya ushirika kuhesabu; shule na mashirika ya hisani hutumia mifuko ya buluu kwa namna hiyohiyo kuchangisha fedha. Mwaka 2018 ushirika ulianza pia kurudisha chupa za bia za kujazwa tena kwa baadhi ya viwanda vidogo vya jimbo, hatua ndogo kwa idadi lakini yenye uzito, kwa kuwa lengo la senti 2 za mwaka 1971 lilikuwa ni hilohilo, nalo lilikuwa limekufa pamoja na kampuni za bia za miji zilizonunuliwa na kufungwa, ikiwemo Blitz-Weinhard ya Portland iliyofungwa mwaka 1999.

Kupandishwa kwa amana kulikuwa na upande wa kibinadamu ambao hesabu za asilimia haziuonyeshi. Katika miji ya Oregon, kama ilivyo katika miji mingi duniani, wapo watu wasio na makazi wala ajira wanaoishi kwa kuokota makopo, na kwao tarehe 1 Aprili 2017 ilikuwa siku ambayo kipato chao cha kila chombo kiliongezeka mara mbili. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020 na jimbo likayaruhusu maduka kwa muda kusitisha upokeaji wa vyombo, watu hao ndio walioumia kwanza, kwani vituo vilivyobaki vilikuwa na foleni ndefu na vingi vilikuwa mbali nao. Huko Portland waokotaji wenyewe walisaidiana na wanaharakati kuendesha kituo chao cha kuhesabia makopo kwa mikono, ambacho kiliwalipa papo hapo na kuwapa baadhi yao kazi. Kwa upande mwingine, wenye maduka ya katikati ya jiji na wafanyakazi wao walilalamika kuhusu vurugu, uchafu na biashara ya dawa za kulevya kwenye maeneo ya kurejeshea, hasa nyakati za usiku. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini yalitumiwa pia na watu waliotaka sheria nzima ilaumiwe kwa umaskini na uraibu ambao haikuusababisha. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2025 yalijaribu kuzisikiliza pande zote mbili kwa kuyaruhusu maduka kukataa vyombo saa za usiku na kwa kuweka msingi wa vituo mbadala vinavyowalenga wanaorejesha makopo kila siku kwa ajili ya riziki. Mwaka huohuo, kuanzia tarehe 1 Julai, mvinyo wa kopo uliingizwa kwenye orodha ya amana kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 2022.

Majimbo mengine yameitazama Oregon, na baadhi yakachukua sehemu zilizoyafaa. Massachusetts, ambako senti 5 hazijabadilika tangu sheria ianze kutumika mwaka 1983, ilishindwa mwaka 2014 hata kuongeza maji ya chupa, baada ya wapiga kura kulikataa pendekezo hilo kwa wingi mkubwa. Connecticut ilifuata njia ya Oregon kwa karibu zaidi, ikaongeza aina za vinywaji, kisha ikapandisha amana hadi senti 10 kuanzia tarehe 1 Januari 2024. California ilionyesha hatari ya kupuuza mahali pa kurejeshea, pale kampuni ya rePlanet, iliyokuwa na vituo zaidi ya 280 katika jimbo hilo, ilipovifunga vyote kwa siku moja mnamo Agosti 2019 kwa sababu bei ya malighafi ilishuka na malipo ya serikali hayakuziba pengo, na wakazi wa maeneo mengi wakabaki wakilipa amana wasiyo na mahali pa kuidai.

Ndani ya Oregon suala lililobaki bila kuguswa ni lile lile la mwaka 1971. Amana zisizodaiwa bado zinabaki na wasambazaji, ambao huzitumia kuendeshea ushirika, na hoja yao kwamba fedha hiyo ndiyo inayogharamia vituo bila kodi ya wananchi ni hoja ya kweli inayopaswa kujibiwa kwa hesabu zilizo wazi. Zito zaidi ni kwamba kifungu cha 2011 kiliandikwa kwa ajili ya kupanda mara moja tu. Kiliivusha amana kutoka senti 5 hadi senti 10, kisha kikamaliza kazi yake, na hakikuacha nyuma yake sharti lingine la asilimia wala kanuni ya kuifuata bei ya mkate na mafuta. Kufikia mwaka 2025, senti 10 za Aprili 2017 zilikuwa zimepoteza takriban robo ya uwezo wake wa kununua, na hakuna kitu ndani ya sheria kitakachozuia upotevu huo usiendelee. Yeyote atakayetaka kuiongeza amana hiyo atalazimika kurudi Salem na muswada mpya na kukutana na washawishi wapya.